Milango ya Waliookoka

Jumanne, 1 Juni 1993
Ukungu tangu asubuhi. Soko huria limetuletea kila kitu, hata makoti ya wafu wa Ulaya. Ndani ya robota la makoti Mansuri wa dukani alikuta kitabu, akaanza kufungia karanga kwa kurasa zake. Nimekiokoa. Kinawaeleza Watetemekaji, Wamarekani wa zamani: hawakuoa, mali yao moja, ibada yao kucheza, wanaume mlango wao na wanawake mlango wao. Nyuma yameshonwa mahubiri ya watu wengine kabisa, walioamini Mungu ataokoa wote, asibaki hata mmoja. Nitaziunganisha imani zote mbili.

Zamani vijana wa rika moja tulijenga kijiji chetu, tukala pamoja. Nimerudi kutoka migodi ya shaba kule Kitwe, rika limekwisha. Jioni watu hula barazani kwa jirani yangu Hezron, aliyesogeza mpaka ndani ya migomba yangu. Sasa watakula kwangu!

Jumatano, 2 Juni
Nilimweleza mke wangu Elina kwamba tutaishi kama kaka na dada. Nilijiandaa kwa machozi yake. Akasema vyema, akachukua blanketi zito. Kisha akauliza kaka atapikiwa na nani. Nimeudhika.

Ijumaa, 4 Juni
Nimebomoa dirisha, nimepata mlango wa wanawake. Upepo unaingia kama mwenye nyumba. Elina amejifunika blanketi.

Jumapili, 6 Juni
Walikuja wengi! Nilihubiri wokovu wa wote, wakaitikia. Nikapanga safu mbili zitazamane, kama picha ya kitabuni, nikaongoza kucheza. Mbele yangu alisimama Tulia, mke wa mwanangu Asajile. Mkwe uso kwa uso na baba mkwe! Miaka ya ugenini ilinisahaulisha kwamba kwetu ni mwiko. Akajifunika kanga kichwani, akakimbilia migombani. Kila mwanamke akakumbuka kwamba mkwewe yumo, akamfuata. Angalau mlango wangu ulifaa.

Hapo Hezron akachungulia. Akauliza kama kweli hakuna atakayeachwa. Nikasema hakuna. Akaingia, akakalia kiti changu.

"Ndaga, mzee mwenzangu," akashukuru. "Basi tumeokoka wote. Chakula kiko wapi?"

"Wote," nikamwambia, "isipokuwa wewe."

Wanaume wakacheka hadi wakashikana mabega. Kisha wakaondoka naye. Ndizi za sufuria nzima zimepoa.

Jumatatu, 7 Juni
Elina amekwenda kula kwa Hezron. Anasema dada halazimiki kumwomba kaka ruhusa. Kijana wao Ambwene alitumwa kuniambia sahani yangu imewekwa, na nafasi yangu imeachwa katikati. Katikati ya baraza ya nani? Ya mtu aliyekula migomba yangu! Nimemrudisha mikono mitupu.

Kutoka huku nasikia vicheko vyao. Nakula ndizi za jana. Nimekisoma kitabu upya na kosa nimeliona: milango miwili haitoshi. Kesho nabomoa ukuta wa nyuma. Hezron ataokolewa, sawa, maandiko ni maandiko. Lakini ataingilia upande wa banda la nguruwe.