Sera ya Matarajio ya Darasa la Aljebra, kwa Wino wa Bluu

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Shule ya Sekondari ya Santa Eulalia sasa ina Sera Kamili ya Matarajio ya Darasa la Aljebra. Ina kurasa arobaini na saba bila jalada. Jaladani kuna picha ya Mheshimiwa Dakta Wenceslao Hidalgo, Mkuu wa Elimu wa divisheni yetu, akiitazama pembetatu. Mimi, Crisanto Baluyot, mkuu wa Idara ya Hisabati, ndimi niliyekuwa katibu wa kamati. Picha yangu iko ukurasa wa mwisho, ndogo kidogo.

Sera ilihitajika sana. Zamani watoto waliingia darasani ovyo, wakatafuta x, wakaipata, wakaenda zao nyumbani. Siku hizi kuna utaratibu. Penseli isiwe fupi kuliko kidole cha kati cha mwenye penseli. Msalani ni mara mbili kwa muhula, na safari ambayo haikutumika haiazimishwi kwa rafiki. Mgeni akija, mwalimu akauliza swali, darasa zima linyooshe mikono: anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mgeni anaona hamu ya elimu, na mwalimu anajua nani wa kumwita. Mtindo huu tuliurithi kwa walimu wetu. Kamati iliupa namba tu.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa za kuisoma Sera kwa sauti. Madam Felicitas, mwalimu wa darasa lenyewe, alinifuata ofisini.

"Sir, sasa aljebra yenyewe nafundisha lini?"

"Ukurasa wa arobaini na sita, Madam."

"Pale pameandikwa 'muda ukiruhusu.'"

"Basi ni hapohapo."

Kilichotuletea maneno ni Kipengele cha 9, nacho ni kizuri kuliko vyote. Kila mwanafunzi lazima Sera yake isainiwe na mzazi, kwa mkono wa mzazi, kwa wino wa bluu. Ambaye hajasainiwa hajasajiliwa. Atasikiliza somo akiwa nje, dirishani. Na ambaye hajasainiwa mpaka Ijumaa ya ukaguzi, jina lake linafutwa kwenye orodha ya mtihani wa kuingia shule ya sayansi ya mjini.

Wanafunzi thelathini na tisa walisainiwa. Wa arobaini, Analyn Tumbaga, alibaki dirishani. Baba yake hajulikani aliko, mama yake ni mtumishi wa ndani Kuwait, na barua ya kwenda na kurudi huchukua miezi miwili. Akatuma saini kwa picha ya simu. Nikaikataa, maana picha haina wino. Ni kweli kwamba mtoto huyo ndiye pekee aliyekuwa akipata maswali yote, akiandikia juu ya kizingiti cha dirisha. Lakini sera haiwezi kumwangalia mtu usoni.

Bibi yake, Lola Pacing, anayeuza suman, vile vitumbua vya wali wa kunata vinavyofungwa majanini, getini kwetu, alikuja na kalamu tatu za bluu.

"Baba, hebu nimsainie tukamalize. Huyu nimemlea mimi tangu hajaota jino."

"Wewe ni bibi, mama. Sera inasema mzazi."

"Mama yake nani alimzaa? Si mimi? Sasa hapo mzazi ni nani?"

"Hoja yako nitaifikisha kamatini."

Niliifikisha. Ilijadiliwa vikao viwili, ikaonekana ina akili lakini haina fomu. Kikongwe yule alitoka ofisini analia, na sitaficha, niliona vibaya. Nikajifariji na suman.

Ijumaa ikafika. Uso wa Dakta Hidalgo ulitundikwa getini, juu ya bango lenye upana wa madarasa mawili. Mkoa ulimtuma mtathmini, mama mmoja mkavu mwenye ubao wa kuandikia, aje aone kama Sera yetu inastahili Tuzo ya Utekelezaji Bila Ubaguzi wala Upendeleo. Sharti lilikuwa moja: akiona mtu mmoja tu amesamehewa kipengele kimoja, tuzo imeyeyuka. Dakta Hidalgo alikuwa ameshaagiza kabati la kuiwekea.

Madam Felicitas akaandika ubaoni swali nililomchagulia mwenyewe: 3(x − 4) = 2x + 5. Mikono thelathini na tisa ikapaa juu. Yote ya kushoto.

"Ona hamu hiyo!" Dakta Hidalgo akamwambia mtathmini. Furaha ikampanda, akainuka, akamnyang'anya Madam chaki. "Watoto, tazameni. Tatu mara x ni tatu x. Toa nne. Sawa na mbili x jumlisha tano. Hamisha, hamisha... x ni tisa!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa kuwa hata mwongozo wangu wa majibu ulisema tisa.

"Si tisa," ikasema sauti kutoka dirishani. "Ni kumi na saba."

"Nani huyo?" Dakta akauliza.

"Hajasajiliwa, Mheshimiwa," nikamtuliza.

Lakini Analyn alishaanza na hakuwa na breki. "Tatu iko nje ya mabano, Sir, inazidisha vyote viwili. Hiyo nne umeiacha yatima. Weka tisa uone: huku kumi na tano, huku ishirini na tatu. Weka kumi na saba: thelathini na tisa, thelathini na tisa."

Mtathmini akapiga hesabu pembeni ya karatasi yake, taratibu. Kisha akanigeukia.

"Katibu, anayekosea ubaoni Sera yenu inamfanya nini?"

Nilifurahi kuulizwa, naijua kwa moyo. "Kipengele cha 31! Anaingia darasa la marudio kila Jumamosi mpaka afaulu, baada ya mzazi wake kusaini. Akikosa saini, jina lake linafutwa kwenye orodha zote za divisheni."

"Na kinawahusu nani?"

"Kipengele cha 2: kila aliyemo darasani, bila kujali cheo, umri wala ukoo. Hicho alikiongeza Mheshimiwa mwenyewe, kumkomesha mfagizi aliyeingia akitafuna karanga."

Hapo tu ndipo nilipojisikia nikiongea. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

"Mama yangu ni marehemu," Dakta Hidalgo akasema polepole. "Baba pia."

"Pole sana," mtathmini akajibu, kalamu ikiwa imeshagusa karatasi. "Basi niandike umesamehewa?"

"Usiandike!"

Kisha dirishani, nyuma ya Analyn, kikatokeza kichwa cha Lola Pacing, ambaye alileta suman za wageni.

"Maskini ya Mungu, hana mama," akasema. "Mlete hapa nimsainie mimi. Kalamu ninazo."

"Bibi anaruhusiwa kusaini?" mtathmini akauliza.

"Anaruhusiwa!" Dakta akapaza sauti. "Bibi, shangazi, jirani, wote! Baluyot, andika marekebisho, unashangaa nini?"

Niliandika. Marekebisho hayo yalipita bila kamati, bila fomu, kwa muda wa dakika moja na nusu. Mheshimiwa akasogea dirishani na karatasi yake, akainama.

"Ngoja kwanza, baba," Lola Pacing akamwambia, akichomoa kifuani Sera ya Analyn iliyokunjwa mara nne. "Anatangulia mjukuu wangu. Wewe panga foleni."

Akapanga.

Tuzo tuliipata. Analyn alikaa kiti cha mbele siku hiyohiyo, akafanya mtihani wa mjini, na sasa yuko shule ya sayansi. Kabla hajaondoka kwenda zake, mtathmini aliomba kuuona mwongozo wangu wa majibu. Akausoma, akauliza kama nina mzazi. Mama yangu yuko hai, ana miaka themanini na mbili, lakini aliniambia hasaini upuuzi. Lola Pacing akanisaidia.

Ni Jumamosi ya sita leo. Madam Felicitas ameandika swali lenye mabano, akageuka kututazama. Darasa tuko wawili, Mheshimiwa Dakta Hidalgo na mimi. Tumenyoosha mikono kwa hamu kubwa, yote miwili ya kushoto.