Pimamaji Yangu na Mbinu za Inspekta Dodi

Jumamosi, 5 Januari 2008
Gatina, mtaani kwetu. Hakuna kazi. Mjengo umefungwa tangu matokeo ya kura. Nimelala kutwa nikitazama mabati. Nikageuka ukutani: msumari upo, pimamaji haipo! Ile yangu ya alumini, yenye kiputo ndani ya maji. Nyapara Kiragu alisema tukifungua tarehe kumi na nne, mwenye pimamaji yake atajenga ukuta. Asiye nayo abebe mawe. Nimebeba mawe miaka tisa. Mgongo unajua.

Mwizi ni Wepukhulu, jirani yangu. Yeye pia hubeba mawe. Ushahidi: jana alinisalimu mara mbili.

Nimefunga mlango mapema. Tangu usiku wa matokeo nina komeo kali, chuma nilichokizungushia gunia kisigonge. Sikumbuki nilikitoa wapi, risasi zilikuwa zinalia. Hakuna mtu anaweza kuingia kwangu. Sasa Wepukhulu aliingiaje? Mjanja sana.

Jumapili, 6 Januari
TV iko dukani kwa Nderitu, mwenye ploti tunayopanga. Habari za moja kwa moja zimepigwa marufuku, kwa hiyo wanarudia Inspekta Dodi. Mtu mzima, lakini anamumunya pipi, anapanda bembea, anamwambia muuaji asimame kwa mguu mmoja. Wote wanamwona mpumbavu. Dakika tano za mwisho, pingu!

Nikamuuliza jirani yangu Wanza kwa nini mtu mwerevu vile ajifanye mtoto. Wanza ni wa Machakos, aliuza mitumba Toi mpaka soko likaungua. Akasema, "Anaogopa, Kitheka. Hukumwona akibaki peke yake kwa gari? Hata pipi ilikuwa inatetemeka."

Hajui upelelezi. Ile ni mbinu! Mwizi akiona mjinga, hufungua mdomo. Naanza kesho.

Jumatatu, 7 Januari
Nimevaa beseni kichwani. Nikamwendea Wepukhulu, nikamwambia asimame kwa mguu mmoja. Akasimama! Muda mrefu, bila kuyumba. Mtu asiye na hatia angeyumba. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimekula. Akanipa ugali na sukuma. Rushwa. Nimekula ushahidi wote.

Jumatano, 9 Januari
Nimeenda Kambi Muru kwa miguu, kuna mzee huuza vyombo vya mjengo vilivyotumika. Pimamaji yangu hana. Nikirudi, vijana wameweka mawe barabarani, wana rungu. "We mzee, wa wapi? Hebu ongea lugha yenu!"

Nikawa Inspekta Dodi. Nikaruka kichura, nikawauliza nani ameona bembea. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Huyu mzee fyuzi zimeungua. Wacha apite."

Mbinu inafanya kazi! Nyumbani Wanza akasema mbona magoti yanatetemeka. Nikamwambia ni baridi. Akatazama jua, akanitengenezea chai.

Ijumaa, 11 Januari
Leo utani mkubwa. Nikasimama kwenye bomba la maji, foleni ndefu, nikatangaza kwamba nyuki wangu wametoka Kitui kumtafuta mwizi, ila wamekwama Machakos kwa sababu ya vizuizi. Nikacheka. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akaacha mtungi wake akakimbia.

Nilisahau kwamba hapa Mkamba kama mimi hatanii kuhusu nyuki: watu huamini tunawatuma kwa uchawi wamvamie mwizi mpaka arudishe mali.

Jumamosi, 12 Januari
Alfajiri nimefungua mlango. Kizingitini: sufuria nne, ndara mbili za kushoto, Biblia, jogoo aliye hai, na redio ya Nderitu iliyopotea mwaka jana. Pimamaji hakuna!

Nderitu akaja kuuliza nani anapiga kelele. Ni jogoo. Akaiona redio yake. Akaniita mwizi mbele ya ploti nzima, akasema nihame leo. Nikajaribu kusimama kwa mguu mmoja. Nikaanguka juu ya sufuria. Wepukhulu ndiye aliyenitetea, akamwambia, "Mwache, mzee, huyu hajakaa sawa tangu matokeo." Ona anavyojificha nyuma ya wema!

Jumapili, 13 Januari
Wanza amegonga kuniamsha twende kanisani, nikamfungulia akaingia. Akashika komeo kuliweka kando. Akalitazama. Akafungua gunia.

Pimamaji.

Akasema, "Usiku ule uliogopa ukajifungia na kazi yako." Akaketi kitandani pangu akalia kidogo, labda kwa ajili ya Toi. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia hulia. Nikavaa beseni. Akacheka, basi.

Jumatatu, 14 Januari
Mjengo umefunguliwa! Njiani nimetafakari kesi vizuri. Pimamaji imepatikana, sawa. Lakini nani aliiweka mlangoni? Mimi sikumbuki. Kwa hiyo si mimi. Ni Wepukhulu! Aliirudisha kwa kuogopa nyuki.

Sasa nimtege. Mbele ya Kiragu nimecheka kama punguani, nikamkabidhi Wepukhulu pimamaji yangu, nikasema mimi sijui hata kiputo kinakaa wapi. Macho yake yalijaa machozi. Hatia hiyo.

Kiragu amempa ukuta. Kwa sasa yeye anajenga, mimi nampelekea mawe, hivyo namwona kutoka karibu sana. Anafikiri mimi ni mjinga.

Mgongo unauma. Lakini hashuku chochote.