Vyeti Arobaini vya Mkufunzi Nurdini

Mwaka ule serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, redio iliwahimiza wananchi kila asubuhi wajiajiri, hata kama ni humo humo majumbani mwao. Wengi waliisikia wakaguna. Nurdini aliisikia akiwa stendi ya Masasi, hana hata nauli ya kwenda mahali ambako hawamjui, akaona riziki imemwita kwa jina.

Alikuwa na suti moja, sauti nzito, na mashine ya kupiga chapa aliyoipata kwa njia ambazo adabu inatukataza kuzisimulia. Alimlainisha dereva wa lori lililokuwa likifuata korosho Newala, akapanga huko chumba cha mbele kwa mama mmoja aliyeitwa Mama Glory, kisha akabandika tangazo sokoni: Semina ya Biashara ya Nyumbani, siku tano, ada shilingi elfu moja. Kila mwenye cheti atapewa mkopo na wafadhili Jumatatu inayofuata.

Watu arobaini walijiandikisha. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Nathanaeli, mstaafu, aliyekuja amevaa tai ya harusi yake.

"Mkopo huo mwisho wake kiasi gani?" aliuliza.

"Inategemea ukubwa wa banda lako, Mwalimu."

"Basi andika kuku elfu mbili."

"Sasa hivi unao wangapi?"

"Jogoo mmoja. Lakini ana bidii."

Siku tatu Nurdini alifundisha. Alisema biashara lazima iwe na mteja, na mteja lazima awe na pesa, watu wakaandika kwenye madaftari. Husseni, mwenye pikapu ya kuuza maji, alipouliza mtu atajuaje kama anapata hasara, aliambiwa hilo ni swali la semina ya pili.

Alhamisi vilibaki vyeti. Nurdini alipiga chapa kwa kidole kimoja, na hadi adhuhuri alikuwa amemaliza kimoja tu, nacho kilisomeka "Biashra". Mama Glory alisimama mlangoni akitazama kwa uchungu. Alikuwa karani wa kupiga chapa kwa miaka kumi na tisa, mpaka ilipokuja barua ya kumpunguza kazi. Aliipiga mwenyewe barua hiyo, maana hakukuwa na mwingine wa kuipiga.

"Niachie, mwanangu," alisema. "Unaitesa mashine."

"Nitashukuru, Mama Glory. Kesho nataka kuwahi gari la mchana."

"Kabla ya Jumatatu?"

"Nakwenda kuwapokea wafadhili."

Mama Glory alivuta kiti. Alikaa, akanyoosha vidole, na mashine ikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Jua halijazama, vyeti arobaini vilikuwa mezani. Nurdini alivitia sahihi vyote huku akipiga mluzi. Hakusoma hata kimoja.

Ijumaa watu walikusanyika uani kwa sherehe, mkoba wa Nurdini ukiwa tayari mlangoni kusubiri gari la mchana. Mwalimu Nathanaeli aliitwa kwanza, na kwa kuwa ualimu haumtoki mtu, hakuweza kushika karatasi bila kuwasomea wenzake.

"'Amehitimu semina ya biashara ya nyumbani,'" alisoma, akasogeza miwani. "'Mkopo usipofika Jumatatu, mkufunzi atarudisha ada yote, na mali yake itashikiliwa na wahitimu.' Sahihi, Nurdini." Alivua miwani, machozi yakimlengalenga. "Ndugu zangu, katika miaka thelathini ya utumishi sijaona mtu mwaminifu kiasi hiki."

Watu wakapiga makofi. Nurdini naye akapiga, mikono ikiwa imeitangulia akili.

"Achana na gari la mchana, Mkufunzi," alisema Husseni. "Tukae wote mpaka Jumatatu. Mkopo ukifika, nitakupeleka Masasi mwenyewe, bure."

Wahitimu wawili walikuwa wameshaubeba mkoba wake na kuurudisha ndani, kwa heshima zote.

Nurdini alimfuata Mama Glory jikoni, akamkuta anakoroga kisamvu.

"Mama Glory, umeniua."

"Bado. Siku yenyewe ni Jumatatu."

"Unataka nini?"

"Ada iko wapi?"

Nurdini alichana bitana ya koti, akatoa mfuko wa rambo uliojaa noti.

"Hii nitawarudishia wenyewe," alisema Mama Glory. "Mashine inabaki, kwa kodi ya chumba na ujira wangu wa vyeti."

"Mashine ile inazidi kodi ya mwaka mzima."

"Basi twende polisi wakatusuluhishe. Nao watataka kujua ulikoitoa."

Nurdini alikitazama kile kisamvu. Alikuwa amewaliza matajiri wa Lindi na Tunduru, lakini mpishi wa namna hii hakuwahi kukutana naye. Alikula sahani mbili, ili asiondoke mikono mitupu, na alfajiri akadandia lori la korosho.

Jumamosi Mama Glory alizunguka akirudisha ada, akisema mkufunzi amepata dharura. Wapo walionung'unika. Wengi walistaajabu tu kuona ada inarudi. Mwalimu Nathanaeli aliipokea elfu yake akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Awamu ya kwanza," alisema. "Wafadhili huanza kidogo kidogo."

Jumatatu alifika na tai yake kusubiri awamu ya pili. Alimkuta Mama Glory ameweka meza na mashine barazani, na watu wamepanga foleni: huyu na barua ya malalamiko ya korosho, yule na nyimbo za kwaya. Mwalimu alipewa chai, akakaa. Saa nne uvumilivu ulimwisha. Alizichukua karatasi za watu, akatoa kalamu nyekundu na kuanza kusahihisha.

Saa sita aliinua kichwa. "Hawa wafadhili wamechelewa."

"Labda kesho, Mwalimu," alisema Mama Glory, akamsogezea karatasi nyingine.