Mshangazi na Mimea Mingine ya Chuo

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa wanagenzi wawili wa bustani. Wa kwanza ni mama wa makamo aliyeshona nguo miaka ishirini mpaka macho yakaichoka sindano. Chuo kizima kinamwita Fundi Cherehani. Wa pili ni dereva mstaafu wa lori, mpole, mabega kama kabati. Mkuu wa chuo kasema wageni watapita Ijumaa, na hapo ataamua: bustani ibaki kwetu au ipewe kampuni ya nje. Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Nimekaa na mimea hii miaka kumi na saba.

Ni kweli nimekaa nayo. Majina yake ndiyo sikuwahi kuyauliza.

Fundi Cherehani kaja na daftari. Kila kichaka anauliza, hiki kinaitwaje? Ninayoyajua ni sita: mwarobaini, mkaratusi, mvinje, mwanzi, waridi na nyasi. Baada ya hapo nikaanza kutunga. Kichaka cha njia ya maktaba, kile kinachomshika nguo kila anayepita, nikakiita mshangazi. Ua la zambarau likawa mpozamoyo. La manjano likawa mpozamoyo dume. Akaandika yote. Aliniuliza wingi wa mshangazi. Nikamwambia ni mishangazi, ila miwili haikai bustani moja.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Mkuu kaliona daftari na kalipenda. Anataka kila mmea uwe na kibao chenye jina kabla ya Ijumaa. Nikamwambia wazo hilo nilikuwa nalo siku nyingi. Sijui kwa nini nasema vitu kama hivi.

Halafu atakayewatembeza wageni ni mwalimu wa mimea. Mimi na huyu hatupikiki chungu kimoja tangu nilipong'oa mche wake wa utafiti nikidhani ni gugu.

Mke wangu kasema nimwambie Fundi Cherehani ukweli, ni kazi ya dakika mbili. Mke wangu ni mtu mwema sana, lakini hana mikakati.

Jumatano, 5 Machi

Mkakati. Nimechuma majani thelathini na moja, kila moja nikalibandika namba, nikampelekea mwalimu wa mimea. Nikamwambia nataka kuwapima wanagenzi wangu, basi aniandikie majibu. Alinitazama juu ya miwani kwa muda. Kisha akaandika yote, moja hadi thelathini na moja, bila kufungua kitabu. Nikatoka pale natembea kama bwana harusi.

Nilipofika bustanini ndipo nikagundua namba niliziweka kwenye majani tu. Vichaka havina namba. Majani nimeyaacha mezani kwake. Nikarudi mbio, mfagizi keshayatupa.

Sasa nina majina thelathini na moja ya kweli, na sijui hata moja ni la nani.

Alhamisi, 6 Machi

Mkakati wa pili. Herufi zikifutika, lawama ni za mvua. Wanagenzi walimaliza vibao kabla ya saa saba, wakavilaza vikauke nyuma ya stoo, wakaenda kula. Nikavimwagia maji kwa mpira. Haikutoka hata nukta. Nikaleta sabuni. Nikaleta brashi. Nimepiga magoti nasugua MSHANGAZI, Dereva huyo, na sahani yake mkononi. Nikamwambia napima uimara wa kazi. Alifurahi. Akaeleza kuwa wametumia rangi iliyobaki ya geti, ile haing'oki. Akaweka sahani chini, akanisaidia kusugua.

Jioni niliwafundisha kupogoa waridi. Hapo sina haja ya kutunga. Kata juu kidogo ya jicho la tawi, mshazari, maji yasituame. Fundi Cherehani nilimwonyesha mara moja tu. Alikata kama anayepunguza pindo la gauni la bibi harusi. Nilitaka kumwambia ukweli pale pale. Nikamwambia aoshe mkasi.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala vizuri. Wageni walikuja kumi na wawili, mkuu mbele. Mwalimu wa mimea akasimama kwenye njia ya maktaba, akasoma kibao, akasoma tena. Akasema kwa upole kwamba hakuna mmea duniani unaoitwa hivyo. Watu wote wakanigeukia. Nikainama kung'oa gugu ambalo halikuwepo.

Fundi Cherehani akasogea mbele.

“Hilo ni jina lake la nyumbani, mwalimu. La kitabuni liko nyuma.”

Mwalimu akakigeuza kibao. Akaenda kwenye kingine, akakigeuza pia. Alivikagua vyote thelathini na moja, nami nyuma yake kama mtuhumiwa. Vyote sahihi. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani, akasema yeye mwenyewe ana shangazi wa namna ile. Bustani inabaki kwetu.

Wageni walipoondoka nikamuuliza Fundi Cherehani alijua tangu lini.

“Tangu Jumatatu, kaka. Ua moja uliliita mpozamoyo asubuhi, jioni ukaliita mnyamavu.”

Kumbe yeye na Dereva walishinda maktaba jioni mbili, wanafungua vitabu. Nikamuuliza mbona hakunisema. Akasema fundi aliyemfundisha kushona hakujua kusoma futi, alipima kwa shibiri, na nguo zake zilikaa mwilini kuliko za mtu yeyote. Majina atayasoma mwenyewe. Kukata tawi hakusomwi.

Dereva akaongeza kwamba mbele ya vibao waliacha majina yangu kwa sababu ndiyo wanayoyakumbuka.

Nikaenda stoo kutafuta reki ambayo sikuihitaji. Nilikaa huko kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu kapata mizinga minne ya nyuki. Asubuhi kauliza kama kuna mtu anayewajua nyuki. Fundi Cherehani kanitazama. Dereva kanitazama. Mdomo ukanitangulia, nikasema nimekua nao.

Mizinga inafika keshokutwa. Wanagenzi nimewaambia wasiogope, nyuki hawamuumi mtu aliyewasalimia kwanza. Fundi Cherehani amefungua ukurasa mpya.