Namba ya Chesisi Haidanganyi

Jumatatu, 9 Februari

Gari la Baba limeanza kulia. Ukikanyaga breki linatoa sauti ya kisu juu ya sahani ya bati. Mzee Ziro, fundi wetu hapa Port Reitz, Mombasa, alifungua magurudumu ya mbele akazitoa pedi za breki kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya. Zimeisha. Alisema sasa ni chuma kwa chuma, na gari lisitoke uani mpaka zipatikane nyingine za mfano wa hizi. Limelala juu ya mawe.

Wakati mbaya sana! Jumamosi katibu wa chama cha teksi anakagua magari. Baba amengoja nafasi ya kituo cha uwanja wa ndege miaka miwili. Gari lisiposimama vizuri mbele ya katibu, nafasi inakwenda kwa jirani yetu Kimani, anayemfuata kwenye orodha. Kimani amekwisha kuja mara mbili kutupa pole. Mara ya pili alikuja na gari lake limeoshwa.

Jioni, mjadala. Dada yangu Lynnette anataka pedi za dukani kwa Mzee Hadi, Changamwe, zilizotengenezwa na yeyote aliyejisikia kutengeneza. Mimi nataka za kampuni yenyewe iliyounda gari. Nilikuwa na hoja saba. Sikutoa hata moja. Lynnette husema haraka, na mimi nikitazamwa husahau sentensi ilikuwa ikielekea wapi. Nikamwandikia Baba barua. Kurasa tatu, zenye vichwa vidogo. Niliiweka chini ya sahani yake.

Jumanne, 10 Februari

Baba ameisoma. Alisema mwandiko ni mzuri. Juu ya msuguano na joto (ukurasa wa pili), kimya.

Baada ya shule nilipitia Changamwe kumpeleleza Mzee Hadi. Duka lilikuwa la baba yake, na la babu yake kabla ya hapo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, mwahitaji nini. Nikamtajia namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye mwili wa gari, herufi na tarakimu kumi na mbili, bila kutazama karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema breki haijui kusoma. Nende nikamletee pedi iliyokwisha aitazame, atanipa mwenziwe.

Nilishtuka. Daktari gani huyu, anayetaka umletee maiti ndipo akupe dawa? Sentensi hii ilinijia nilipofika nyumbani. Pale dukani nilisema ahsante na kununua globu ya taa ya pembeni. Hatuihitaji.

Lakini sasa naujua udhaifu wao! Bila pedi kuukuu, Mzee Hadi hauzi kitu. Mzee Ziro aliziacha zote nne kwenye ukingo wa dirisha. Aliziacha, nasema. Sasa zimo ndani ya soksi, na soksi imo ndani ya mkoba wangu wa shule.

Jumatano, 11 Februari

Asubuhi Lynnette aliuliza ni nani anayeiba kitu kilichokufa. Mzee Ziro alisema maishani mwake ameona wezi wa betri, wezi wa vioo, na mara moja wezi wa geti zima, lakini mwizi wa pedi zilizokwisha, huyo ni mgeni mjini. Mimi nilikunywa chai. Shuleni nikaihamishia soksi kwenye dawati langu na kulifunga kwa kufuli.

Saa saba Lynnette alikwenda kwa Mzee Hadi na maneno matupu. Akarudi bila kitu. Mzee alimwambia hauzi breki za kuhadithiwa. Wallahi, alisema, atakayekufa si mimi, lakini atakayeulizwa ni mimi.

Baba alikuwa amebaki na barua yangu tu. Jioni tulikwenda mjini kwa wakala wa kampuni. Vioo! Baridi! Kijana mwenye tai alitaka namba ya chesisi na hakutaka kingine. Niliitaja yote bila kigugumizi. Mara ya kwanza maishani kuzungumza na mgeni nikaeleweka. Alibofya, sanduku likaja, limezibwa kwa karatasi inayong'aa. Likifunguliwa halirudishwi. Bei sitaiandika hapa. Tulipovuka daraja la Makupa Baba akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia namba ya chesisi haidanganyi. Sentensi nzima, kwa sauti.

Alhamisi, 12 Februari

Haziingii.

Mzee Ziro alijaribu hivi. Akazigeuza akajaribu vile. Ni ndefu kuliko kalipa, lile taya la chuma linaloshika pedi, kwa upana wa kidole kizima. Akaketi juu ya tairi akacheka mpaka akavua kofia. Kisha akaeleza. Kabla ya Baba, gari lilikuwa la bwana mmoja wa Likoni aliyelipiga kwenye kalivati. Miguu ya mbele, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu, ikavunjika. Mzee Ziro mwenyewe ndiye aliyeing'oa, akaweka miguu ya gari la aina nyingine, nzima nzima, pamoja na breki zake. Miaka kumi na moja sasa. Gari la aina gani? Hakumbuki. Siku ile alikuwa na magari matatu.

Baba alimwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu angemwambia nani, watu walikuwa wakiandikiana barua! Yeye alisema tangu Jumatatu tupeleke pedi kuukuu dukani. Ile ingesema yote. Namba imo mwilini, miguu ni ya mwingine.

Basi nyumba nzima ikaanza kutafuta pedi kuukuu. Lynnette alilala kifudifudi chini ya kabati. Kimani alikuja kutoa pole ya tatu, akakunja suruali, akatusaidia kutafuta. Mimi pia nilitafuta. Nilitafuta vizuri sana. Kisha nikamwona Baba ameketi kizingitini akilitazama gari. Alisema miaka miwili. Hakuwa akimwambia mtu.

Nikaingia ndani nikaandika barua. Nusu ukurasa, bila vichwa vidogo. Baba aliisoma kwa sauti kabla sijafika mlangoni. Lynnette akapiga ukelele: Profesa! Kumbe mwizi ni wewe? Umefanya hesabu zote hizo ili utuibie takataka? Mzee Ziro alisema huo ndio uzuri wa elimu, hata wizi una tarehe na sahihi. Baba aliikunja barua mara nne akaitia mfukoni. Heri angenifokea.

Ijumaa, 13 Februari

Mlinzi wa lango la shule haniruhusu kutoka kabla ya mapumziko ya mchana. Nilimwonyesha soksi. Haikusaidia. Kengele ilipolia nilikimbia. Baba na Lynnette walikuwa nje, na pikipiki mbili.

Changamwe. Mzee Hadi amevaa kanzu nyeupe, mlango wa duka umeshuka nusu, adhana inasikika. Baba alimwomba dakika moja. Mzee aliipokea pedi, akaigeuza mara moja, akapitisha kidole gumba ukingoni. Alisema hii si ya gari lenu, ni nani aliyewabadilishia miguu? Akainama chini ya mlango, akaingia, akatoka na sanduku kabla Lynnette hajavuta pumzi ya kuuliza. Hakusoma namba yoyote. Alinitazama, akasema kumbe ni wewe, mwanangu mwenye hesabu, na globu je, yawaka? Nikasema inawaka. Sikuwa nimeifungua.

Saa kumi Mzee Ziro alizifunga. Ziliingia kwa mkono mmoja. Gari halilii.

Jumamosi, 14 Februari

Ukaguzi. Katibu wa chama, Mama Dorcas, alimwamuru Baba aje kasi kisha asimame kwenye mstari wa chokaa. Baba akaja kasi, akasimama kwenye mstari wa chokaa. Lynnette, aliyekuwa kiti cha nyuma, nusura afike mbele. Mama Dorcas aliandika kitu kwenye ubao wake na kusema karibu kituoni, Kefa. Baba alivua kofia akaivaa tena. Kimani alipiga makofi, ya kweli nadhani.

Baba alimshika mkono Mzee Ziro, kisha Lynnette, kisha mimi, ingawa wangu kwa muda mfupi. Alisema kuanzia leo nikiwa na neno nilitamke, na nisifiche kitu cha watu. Niliitikia kwa kichwa.

Jumapili, 15 Februari

Nimetafakari kwa utulivu, bila hasira.

Pedi za kampuni hazikukosea. Namba haikudanganya. Kijana mwenye tai alisema kweli, nami nilisema kweli. Aliyedanganya ni gari. Yaani kosa moja tu katika jambo zima, na watu wote wanalipigia makofi!

Nimeanza kumwandikia Baba barua. Ukurasa wa tano sasa. Naeleza kwamba si lazima kutupa vitu bora kwa sababu ya miguu ya kuazima. Tuliuze hili, tutafute jingine la aina hiyo hiyo, lenye miguu yake mwenyewe. Lynnette asije akaziuza zile pedi za kampuni kabla Baba hajasoma, nimezificha mahali ambapo hata humu sitapaandika.

Sehemu ngumu imekwisha. Pedi tunazo. Kilichobaki ni gari tu.