Vita vya Wasike na Rili ya Baba Mkwe

Sogeeni, enyi wapangaji wa Kitengela, ninyi mliopanda mapaa kurekebisha antena mkashuka na picha mbaya kuliko ya mwanzo, ninyi mliofungua pasi ili kuitengeneza, mkaifunga tena huku skrubu zimebaki mkononi zikiwatazama: tegeni masikio, nyamazisheni watoto, punguzeni moto wa jiko! Yanasimuliwa leo mapambano ya Wasike mwana wa Sirisia, Mshika-Bisibisi, Mnyamazisha-Redio, karani wa ghala huko Athi River, na jinsi alivyopigana na adui anayeenea katika kiganja, akamshinda, ijapokuwa kwa hasara ambayo mtaisikia kabla hamjainuka.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka wa 2004, na jua lilikuwa limekwisha kupasha mabati ya ploti yenye vyumba vya kupanga. Wasike alikuwa ameketi uani, na mbele yake, juu ya kigoda, ilikuwa rili, yaani kile chombo cha kukunja mshipi kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Nayo haikuwa rili ya hivi hivi. Ilikuwa ya aina iliyozibwa pande zote kwa pete za mpira, maji yasipenye tumboni mwake, na ilikuwa zawadi ya Mzee Wanjala, baba yake Namalwa, mkewe Wasike.

Na jueni kwamba mzee huyo hakuwa akimwamini mkwewe. Sababu ilikuwa redio. Mwaka ule alipokwenda kuposa, Wasike alijitolea kutengeneza redio ya mzee iliyokuwa ikikwaruza kidogo, na tangu siku hiyo redio ile haikukwaruza tena, wala haikusema neno lolote. Kwa hiyo Krismasi iliyopita, mzee alipomkabidhi rili aliyovulia miaka mingi katika mto Nzoia, nyumba nzima ilishangaa. "Kijana," alimwambia, "hii kitu haitaki ufundi. Ukitoka kuvua, osha na maji. Usifungue. Osha tu." Wasike alijua kwamba huo ulikuwa mtihani, akaapa moyoni kwamba mara hii hataanguka.

Naye aliosha! Ni nani katika wilaya yote ya Kajiado aliyepata kuosha kama alivyoosha Wasike? Kila alipotoka kwenye bwawa la Parmuat, mwenye ploti, awe amepata kambare au amepata matope, aliipeleka rili kwenye bomba la uani, akaimiminia maji ya kisima kwa moyo mkunjufu, akaifuta kwa shati lake la harusi lililokwisha kumbana, akailaza ndani ya soksi safi kama mtoto aliyeshiba. Lakini asubuhi hiyo, saa chache kabla ya mzee kuwasili kutoka Bungoma ili waende kuvua pamoja, mkono wa rili uligoma. Ulizunguka nusu, ukasaga kama meno ya mtu mwenye hasira, ukasimama. Wasike aliogopa, na haoni aibu kusema kwamba aliogopa.

Namalwa alitokea mlangoni na kikapu chake. "Naenda soko kutafuta nyama," alisema. "Baba Brenda, hiyo jerikeni ndogo ya njano iko na maji tamu ya chai ya Baba. Usiguse. Na hiyo kitu yake usifungue."

Wasike akaweka mkono kifuani, akanena: "Mama Brenda, nenda kwa amani! Waambie wauza nyama wote kwamba nyumbani umeacha mlinzi. Hata wakija na mikuki, mbele ya hiyo jerikeni watakuta mwanaume amesimama!"

"Umekaa," alisema Namalwa, akaenda zake.

Hakukawia kufika mjaribu. Parmuat aliingia uani, mrefu, fimbo begani, mtu mwema ambaye hajawahi kuonja samaki na hana mpango huo. "Sopa!" alisalimu kwa Kimaasai. "Ipa!" akajibu Wasike. Akaichukua rili, akaigeuza, akaona skrubu zilizoshikilia kifuniko cha ubavuni. "Wasike, rafiki yangu, sikia maneno ya mimi. Mbuzi ikigonjeka na hujui ni nini, unafungua tumbo, unaangalia. Fungua hii. Mimi nitashika hapa, wewe ukate hapa."

Enyi wasikilizaji, ni nani ajuaye uzito wa saa ile? Bisibisi ilitoka mfukoni yenyewe. Ncha yake ilikwisha kuingia katika skrubu ya kwanza, na vidole vya Wasike viliwasha kwa ile hamu ya zamani, hamu ya kuona kilichomo ndani. Hapo ndipo alipoikumbuka redio, juu ya kabati la Mzee Wanjala, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama picha ya marehemu. Akaivuta bisibisi, akairudisha mfukoni, na kitendo hicho kilimtoa jasho kuliko kupakua simenti.

"Parmuat," alisema, "mimi nimefungua vitu vingi katika maisha yangu. Hakuna hata moja ilifunga."

Parmuat alisikitika kidogo, kwa kuwa alitaka sana kuona tumbo la rili, kisha akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Basi Wasike akafanya kile ambacho hata mtoto angeruhusiwa kufanya. Akaukamata mkono wa rili, akauchomoa kwa vidole tu, bila kugusa skrubu. Na pale kwenye shimo lake, juu ya ile pete ya mpira, akaona maganda meupe, magumu, yameshikana. Aliyaona maganda kama hayo kila siku ya Mungu. Yalikuwa ndani ya birika lao la chai! Ni chumvi ya maji ya kisima, yale maji ya Kitengela yasiyokubali sabuni itoe povu. Huko Bungoma mtu akisema maji, ni maji tu, na mzee hakuona haja ya kueleza zaidi. Kwa hiyo shujaa wetu alikuwa ameitoa rili katika maji safi ya mvua bwawani, akaileta nyumbani kwa heshima zote, akaiogesha kwa chumvi. Kadiri alivyoitunza, ndivyo alivyoiua.

Wasike alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyejifumania. Kisha akajifunga kibwebwe. Akakamua ndimu kwenye kitambaa, akayasugua maganda, yakaanza kulainika. Sasa yalitakiwa maji matamu ya kuyaondoa, na punda wa Ndung'u muuza maji alikuwa amekwisha kupita tangu alfajiri. Wasike akaitazama jerikeni ya njano. Nayo ikamtazama.

Kikombe kimoja tu, alijiambia. Lakini maganda yaliyojificha nyuma ya ya kwanza yakajitokeza, yakadai fungu lao, na nyuma ya hayo mengine, na mlinzi hodari wa jerikeni akaendelea kumimina mpaka akasikia chombo kinakoroma. Akakausha kila kitu, akapaka pete grisi kidogo, akadondosha tone la mafuta ya cherehani, akarudisha mkono mahali pake. Ukazunguka kimya. Kisha, kama jemadari anayefukia ushahidi, akaijaza jerikeni pale bombani.

Mzee Wanjala aliwasili mchana, kofia kichwani, akapewa kiti kizuri na kikombe cha chai. Namalwa alimimina akitabasamu. Mzee alipiga funda la kwanza, akakiweka kikombe chini. Namalwa naye akaonja, akageuka polepole akamtazama mumewe. Wasike alikuwa anachunguza dari.

"Leta ile kitu," alisema mzee.

Ikaletwa. Mzee aliishika mkononi, akauzungusha mkono wa rili mara moja, akauacha. Ukaendelea kuzunguka wenyewe, bila sauti, hadi ulipochoka. Akachungulia pembeni penye pete, akanusa ndimu. Akazitazama skrubu za ubavuni, hazikuwa na mkwaruzo. Akakitazama kikombe chake.

"Kijana," alisema, "hii rili imekunywa chai yangu."

"Imekunywa, Baba," alisema Wasike.

"Na hukufungua."

"Sikufungua, Baba."

Mzee aliinua kikombe, akakinywa chote hadi mwisho bila kukunja uso, akakinyoosha kwa binti yake. "Namalwa, ongeza."

"Baba, ni ya chumvi!"

"Hiyo hiyo. Na kesho nikirudi Bungoma," alimwambia mkwewe, "tutaenda wote, uiangalie redio."

Basi wajulisheni walioko Kimuka, watangazieni wa Kona Baridi, na wa Oltepesi wasipitwe: siku hiyo, katika ploti ya Parmuat, rili ilizunguka, skrubu zilibaki mahali pake, na Mzee Wanjala akaomba kikombe cha pili.