Mbuzi wa Tatu

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata! Sokoni Toi, kwenye lundo la vyuma vikuukuu, chini ya pasi ya makaa. Kigoda cha mbao, cha kukunja, kizee kweli kweli. Mbele kimechomoza ulimi wa chuma, na nchani mwa ulimi kuna meno madogo madogo yaliyozunguka. Muuzaji hajui ni cha nini. Mimi pia sijui. Hiyo ndiyo dalili ya kitu cha thamani. Kitu cha bei rahisi kila mtu anakijua.

Tatizo dogo. Pesa niliyolipa ilikuwa ya mbuzi wa tatu. Mzee Wambua wa Kawangware, baba yake mchumba wangu Mbula, anataka mbuzi watatu wa ntheo. Kwa Wakamba, bila ntheo huna mke, hata mkizaa timu nzima ya mpira. Wawili nimeshapeleka. Mpango ni huu: namuuzia mzungu kigoda, nanunua mbuzi, chenji inabaki. Mbula sijamwambia. Nitamshangaza.

Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisani. Utafiti.

Kwanza nilidhani ni kiti cha ngariba. Lakini sisi Wabukusu hutahiriwa tumesimama wima, kwa hiyo si chetu. Basi ni cha mkoloni! Hapo mambo yakajipanga yenyewe. Mzungu ametoka shambani na buti zake. Anakaa. Anatia kisigino kwenye yale meno, anavuta, mguu huo nje. Akili nyingi hawa watu.

Nilivaa gamboti zangu nijaribu. Ya kushoto imebaki na nusu ya kisigino. Soksi haipo tena. Kisigino changu mwenyewe sitaki kukizungumzia. Kavetsa, jirani anayeuza mboga, alichungulia akauliza kwa nini mtu mzima analia Jumapili asubuhi. Nikamwambia ni mambo ya makumbusho.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeweka picha Facebook. "Kiti asili cha kuvulia buti, enzi za gavana. Anayetaka aje na heshima zake."

Wa kwanza kujibu ni nani? Derrick! Huyu ni fundi wa kuchomelea mageti pale Sarang'ombe. Aliwahi kumtupia Mbula macho kabla yangu, na hajapona. Akaandika kwa kifupi: bro, hiyo ni mbuzi. Nikamjibu kwamba mbuzi ni yeye, na babake, na aliyemfundisha kuandika. Akatuma vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Nimemblock. Wivu utamuua.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna mnunuzi. Mvua imeanza. Kavetsa aliomba kuazima kigoda akikalie akichambua mboga. Nikamweleza kwamba makalio yaliyokikalia yalikuwa ya gavana. Akasema hata yeye anayo makalio.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwisha.

Mzee Wambua amepiga simu, sauti ya sherehe. Eti amesikia mbuzi wa tatu yuko nyumbani kwangu. Eti amesikia ni mzee kidogo, lakini nisijali, supu ya mbuzi mzee ndiyo supu. Ameshawaita wazee wawili. Jumamosi nimlete. Nilipouliza nani amemwambia, akasema ni yule kijana Derrick, aliyekuja kumrekebishia geti.

Nikasema ndiyo, baba. Kwa nini nilisema ndiyo? Mdomo wangu huwa hauniulizi.

Kisha Mbula akapiga. Amefurahi mpaka sauti inatetemeka. Ameshasuka nywele. Aliniambia kwamba babake ameapa: nikikosa Jumamosi hii, wale mbuzi wawili watarudishwa kwangu na mazungumzo yamekufa. Ninampenda huyu mwanamke. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nikimkosa sijui nitafanya nini na hii sura yangu.

Ijumaa, 21 Machi

Nilikwenda Sarang'ombe na nyundo, kumuuliza Derrick kwa nini ananichimbia kaburi. Alizima mashine, akavua miwani, akanieleza pole pole kama mtoto wa nasari. Kabla ya kuchomelea alipika hotelini Malindi. Kila jikoni kule kuna kigoda kama changu. Unakikalia, unashika nusu ya nazi, unaikuna kwenye yale meno. Na jina lake ni mbuzi. Pwani nzima inajua. Yeye alimwambia Mzee kwamba nina mbuzi mzee kwa nyumba, na hakusema uongo. Mzee ndiye aliyesikia mbuzi wa kusema mee.

Akajitolea kunikopesha pesa ya mbuzi wa kweli. Niokolewe na Derrick! Nilikataa hapo hapo.

Halafu nikaganda, katikati ya vipande vya vyuma. Mbuzi! Pesa ya mbuzi nimenunulia mbuzi. Tangu mwanzo sijakosea popote!

Jumamosi, 22 Machi

Nilimfunika kwa leso na kumfunga kamba. Nikamweka mbele ya wazee, nikafunua.

Wazee wakainama kuchungulia.

Nikatoa hoja zangu nimesimama wima. Miguu ipo. Ulimi upo. Meno yapo. Jina liko katika Kiswahili sanifu, lugha ya taifa. Hali majani, haumwi na kupe. Mzee wa kwanza aliyapima meno kwa kidole, akasema mnyama huyu alipaswa kustaafu zamani. Wa pili aliuliza kama ni dume au jike. Nikababaika, nikasema jike. Akaniambia basi nimkamue haraka, chai inangoja maziwa.

Nyuma ya pazia nilimsikia Mbula akicheka. Kisha akaacha kucheka. Hapo ndipo niliona aibu, na si kidogo.

Mzee Wambua hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema amempokea mbuzi wangu kwa moyo safi. Niliruka! Akasema sasa na mimi nimpokee Mbula. Akaenda akafungua mlango. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Akanieleza kwa upole kwamba kwa Kikamba mvua ni mbua, na binti yake aliitwa Mbula kwa sababu alizaliwa inanyesha. Mimi nimeleta mbuzi wa jina, wao wananipa Mbula wa jina. Huyo hapo nje, nimchukue twende nyumbani.

Nilitoka naye Kawangware hadi kwangu Silanga kwa miguu. Hakuniacha hata kidogo.

Jumapili, 23 Machi

Homa. Makamasi.

Mbula alikuja mchana na ndimu, hakutabasamu. Alisema alijua zamani kwamba nimekula pesa ya mbuzi, sura yangu haifichi kitu. Kilichomuuma ni kuvaa nguo mpya, kukaa nyuma ya pazia, na kusikia bei yake ikijadiliwa kwa kikuna nazi. Aliniuliza kama ninamtaka yeye au ninataka tu kushinda watu. Nikasema yeye. Nililia kidogo. Ilikuwa homa.

Amemsihi babake, nimepewa hadi Jumamosi. Kigoda amekiuza kwa mama mmoja wa wali wa nazi pale Kawangware, akaongeza akiba yake mwenyewe, akanunua jike mweusi. Huyu anakamulika.

Jumamosi, 29 Machi

Ntheo imekwisha! Mbuzi alilia mee mbele ya mashahidi, wazee walikula, mimi ni mume wa mtu! Mzee Wambua alinishika mkono akasema sasa kumebaki jambo dogo tu, ng'ombe.

Mbula aliniapisha mlangoni kwamba ujanja umekwisha. Niliapa, mkono juu, na nilimaanisha. Nimekuwa mtu mpya. Hata nimemfungulia Derrick Facebook, nikampigia kumshukuru. Kisha nikamuuliza, kwa nia njema kabisa ya kukuza lugha, kama kule Malindi kuna chombo chochote kinachoitwa ng'ombe.

Amenikatia simu. Maana yake kipo.